Kulwa Kaenda Kisimani

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu gereji kuchukua pikipiki yake, au tuseme yeye ndiye aliyenisindikiza, maana siku hizi mimi ni mtu wa kupelekwa. Fundi alikuwa amemwaga oili chafu juu ya mchanga mbele ya mlango wake ili vumbi litulie, na jua lilikuwa limeshaupasha ule mchanga. Harufu ikapanda. Ilinikuta nimesimama, nikatafuta mahali pa kukaa bila kumuaga mtu. Wakaniletea kiti, wakaniletea maji, wakaanza kunong'onezana presha, presha. Nikawaambia presha mnayo nyinyi mnaokula chipsi asubuhi. Mimi nilikuwa nimekumbuka kitu, basi. Lakini nilishangaa mwenyewe, mtu mzima na akili zangu, kuona kwamba jambo la utotoni bado lina nguvu ya kunikalisha chini.

Nyinyi wenzangu mliokula chumvi nyingi, mliokulia Tabora wakati wa Mwingereza, harufu hiyo mnaijua. Ilikuwa harufu ya uwanja wa gofu. Vijana wa leo wanauita uwanja wa kihistoria, wanawaambia wageni kwamba ulichorwa na bingwa mkubwa wa Uingereza, aliyechora viwanja katika nchi nyingi. Ni kweli, nilimwona kwa macho yangu haya. Ila majani laini ya kwao hayakulikubali jua letu. Kwa hiyo kwenye kila kishimo, pale mpira unapotakiwa kuingia, Wazungu waliweka duara la mchanga, wakaumwagia oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ili upepo usiupeperushe, wakasimamisha mlingoti wenye kibendera. Asubuhi wanaume waliyafagia yale maduara mpaka yakawa laini na meusi. Jua likishika, mtaa wetu mzima ulinuka oili, na nguo zilizoanikwa nazo zilinuka.

Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa mji, upande wa njia ya Kwihara, ile njia ya zamani ya misafara. Bibi yangu, mzaa mama, alisema baba yake aliipita akiwa mpagazi, na kwamba ilikuwa imechimbika kwa nyayo kiasi kwamba wakati wa masika inageuka mfereji. Sisi tulipopata akili, kipande chake kilikuwa kimeshamezwa na uwanja. Kati yetu na uwanja palikuwa na ua wa mkonge. Nyuma ya ule ua, chini kidogo, palikuwa na bonde lenye matete, na ndani ya matete kisima kisichokauka. Zamani wanawake wa mtaa walichota maji pale. Wazungu walipokuja ikawa marufuku, wakaanza kuchota bombani.

Mimi naitwa Doto. Kwa mtu wa Tabora maelezo yamekwisha, lakini nimweleze aliye mbali: kwetu wakizaliwa mapacha, anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Huwezi kuwa Doto peke yako. Kwa hiyo kila mtu mzima niliyemwamkia, akishaitikia marahaba na kuniuliza jina, swali la pili lilikuwa lile lile. "Na Kulwa yuko wapi?" Jibu nilikuwa nimefundishwa tangu ulimi ulipoanza kukunjuka. "Kulwa kaenda kisimani." Yule mtu mzima aliinamisha macho, akasema, "Haya mwanangu, msalimie," akaenda zake.

Mmeshaelewa, kama wao walivyoelewa. Kulwa alikaa duniani muda mfupi sana. Lakini kwetu pacha hasemwi kwamba amekufa. Bibi alikuwa mkali kwa hili kuliko kwa jambo lolote: ukilitamka neno hilo juu ya mmoja, yule aliyebaki analisikia, naye anamfuata mwenzake. Kwa hiyo pacha hapelekwi makaburini na watu wengine, na haliliwi. Wanawake wanamweka ndani ya chungu, wanamzika mahali penye unyevu, na tangu siku hiyo akiulizwa anasemwa kaenda kisimani. Mama yangu hakumlilia mwanawe. Alirudi nyumbani na miguu yenye tope, akakaa, akaninyonyesha mimi.

Kosa lao lilikuwa moja. Hakuna aliyenieleza mimi mwenyewe kwamba huo ni usemi tu. Nilikua nikiamini kwamba nina dada aliyekwenda kuchota maji na kwamba amechelewa kurudi.

Na kwa nini nisiamini? Mama akinishonea gauni, alishona mawili. Langu nililivaa, la Kulwa likakaa sandukuni limekunjwa, na nilipokua yote mawili yalitolewa yakapewa watoto wa jirani. Bibi akinipa karanga alinijaza mikono yote miwili, huu wako, huu wa mwenzako. Nilikuwa mlafi, nilizila zote, kisha moyo ukinisuta namwachia moja dirishani. Baba alikuwa mtu wa reli na mtu wa kanisa, mambo ya mapacha hakuyapenda. Lakini hakuyakataza. Akiliona gauni la pili alichukua kitambaa na kuanza kuifuta taa ambayo tayari ilikuwa safi.

Kichwani mwangu Kulwa alikuwa na kimo changu. Pengo la jino nililokuwa nalo, naye alikuwa nalo. Nilijua hata kisima alichokwenda, maana mara moja moja nilimwona mama akipenya kwenye ua wa mkonge na kibuyu kidogo cha unga wa mtama, akishuka bondeni, akirudi mikono mitupu. Nikajua anampelekea chakula. Sikujua tu kwa nini hamrudishi nyumbani.

Sasa, jioni Wazungu walikuwa wanakuja kucheza. Walitembea juu ya majani wakiwa na fimbo zao, soksi zimevutwa mpaka magotini, na kila baada ya kitambo walisimama. Mmoja aliinama, akapekua nyasi kwa fimbo. Wenzake walikuja kumsaidia. Walijipanga mstari, vichwa chini, wakipiga hatua ndogo ndogo, wakiulizana, wakifunua kila kichaka, wakienda mpaka ukingo wa matete na kuchungulia. Nyuso zao zilikuwa na wasiwasi wa kweli. Mpira niliuona, ulikuwa mdogo kuliko limau. Hivi mtu na akili zako, na umri wako, na mke nyumbani, utahangaika jioni nzima kutafuta kitu kidogo namna ile? Haikuniingia akilini. Nikaona wazi kwamba wanamtafuta Kulwa.

Niliwapenda sana kwa ajili hiyo. Watoto wenzangu waliwaogopa Wazungu, mimi niliwaamkia kutoka nyuma ya mkonge, shikamoo, shikamoo, hata kama hawakusikia. Sikumwambia mtu. Niliona ni siri kati yangu na wao, na kwamba watu wazima wa nyumbani wangeona aibu kujua kwamba wageni wanahangaika na mtoto wetu.

Jioni moja mama wa Kizungu mwenye kofia nyekundu alikuja peke yake mpaka karibu na ua. Alikuwa anapekua nyasi, jasho linamtiririka puani. Nilimhurumia. Nikasogea kwenye upenyo nikamwambia, "Hayuko huku, mama. Nimeshaangalia."

Alishtuka, kisha akacheka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Wewe naona? Nakwenda wapi?"

"Kaenda kisimani," nikasema, nikamwonyesha matete.

"Kisima? Ah, maji." Alisikitika kabisa, akatikisa kichwa. "Basi. Hiyo kwisha potea." Akatia mkono mfukoni, akatoa mpira mwingine, mpya, mweupe, akaudondosha majanini, akaendelea na safari yake.

Nilibaki nimeshika jani la mkonge mpaka likanichoma. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akikata tamaa upesi namna ile. Usiku ule sikumwachia Kulwa karanga moja, nilimwachia mkono wake mzima.

Muda si mrefu baadaye ndipo bingwa alipokuja. Mji mzima ulijua, maana alishuka kwenye treni na mizigo mirefu ya ajabu na Wazungu wakubwa wote walikwenda kumpokea stesheni. Alikuwa mzee mrefu mwembamba, masikio mekundu kwa jua. Uwanja wa zamani ulikuwa umepangwa ovyo na maofisa wenyewe, sasa walitaka uwe kitu cha kujivunia. Alizunguka nao kutwa, akisimama, akifumba jicho moja, akichora, na kila alipoelekeza kidole kibarua alipigilia kigingi chenye kichwa chekundu. Watoto tukampa jina la Bwana Vigingi. Siku moja nilimwona ameshuka bondeni. Alisimama kando ya matete kwa muda mrefu, ametabasamu peke yake, mtu aliyepapenda mahali. Kisha akaelekeza kidole.

Baba ndiye aliyeleta habari nyumbani. Mama alikuwa anachekecha unga, Bibi anachambua dagaa, mimi nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Baba alisema akiwa ameutazama ukuta. "Bwana Vigingi amelitaka bonde. Kesho wanaanza kuchimba. Udongo unapandishwa juu, kule chini panafanywa ziwa dogo la kupendezesha mchezo."

Nikakaa kwa furaha. "Basi watampata Kulwa," nikasema.

Ungo ulisimama. Bibi alibaki na dagaa mkononi. Mama aliniuliza polepole, "Nani anamtafuta?"

Nikawaeleza yote. Jinsi Wazungu wanavyohangaika kila jioni, wanavyofunua vichaka, yule mama mwenye kofia nyekundu alivyochoka, na kwamba sasa wakichimba hawatashindwa. Nilizungumza kwa fahari, nikidhani nawapa habari njema. Baba alitoka nje, tukamsikia akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mama alinivuta, akakinusa kichwa changu, akaniambia nikalale.

Pazia letu halikuzuia maneno. Baba aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Karani wa uwanja nimeonana naye. Wana sheria yao, kaburi hawalichimbi. Mtu akisema tu kwamba pana kaburi, kigingi kinahamishwa. Niache niende nikaseme mimi. Mimi siyaogopi mambo haya."

"Nenda," mama akasema. "Kaseme. Halafu asubuhi tukiamka Doto naye hayupo, utaniambia nini? Utanisomea kitabu?"

"Siwezi," baba akasema mwishoni, na nilimsikia akikaa. Kumbe naye aliogopa, mwaka hadi mwaka, na taa yake safi ile. Mimi nililisikia neno kaburi nikadhani wanazungumzia la mzee fulani wa zamani za misafara. Nikalala usingizi mzito.

Asubuhi niliachwa kwa jirani na nikaambiwa nisitoke. Nilitoka. Nilipenya kwenye mkonge nikashuka mpaka kwenye matete, nikachuchumaa na miguu ndani ya tope. Vibarua walikuwa wameshajipanga na majembe yao, nyapara mbele yao. Karani alikuwepo, kijana wa Kinyamwezi mwenye shati lililopigwa pasi. Palikuwa na Mzungu mnene msimamizi wa uwanja, na Bwana Vigingi amekaa kwenye kiti cha kukunja, karatasi magotini. Kigingi chenye kichwa chekundu kilikuwa hatua chache kutoka kisimani, chini ya mti mdogo wa mkuyu ambao mama aliuendea na kibuyu chake.

Ndipo wanawake walipotokea. Walikuwa wale waliozaa mapacha katika mtaa wetu na mitaa ya jirani, Bibi akiwa kati yao. Khanga walikuwa wamezifunga viunoni, shingoni wamejizungushia mizabibu ya porini, nyuso wamejipaka unga. Mbele yao alikuwa mama yangu. Sikumtambua mara moja. Huyu alikuwa mwanamke aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliyewahi kunisugua mdomo kwa majivu kwa sababu nilitamka neno makalio. Alisimama mbele ya wanaume wote wale, akaweka mikono kiunoni, akafungua kinywa.

Matusi yaliyotoka humo sitayaandika, wajukuu wangu wanasoma. Aliimba habari za wanaume na vilivyomo ndani ya kaptula zao, kimoja kimoja, ukubwa wake na uvivu wake, na wanawake wakamwitikia na kuongeza. Aliwaimba mama zao waliowazaa na jinsi walivyowazaa. Alicheza, mama yangu, kiuno kile ambacho kanisani hakikuwahi kutikisika. Yote kwa Kinyamwezi safi. Nilipigwa na butwaa hata kupumua nikasahau. Nilidhani ameingiwa na wazimu, nikadhani ni mtu mwingine amejivika ngozi ya mama. Baadaye sana nilielezwa kwamba hizo ndizo nyimbo za mapacha, kwamba aliyezaa mapacha ana ruhusa ya kinywa ambayo hakuna mwingine anayo, na mwanamume akizisikia anajua amesimama mahali pasipo pake.

Vibarua walijua. Majembe yalianguka moja baada ya jingine. Mmoja aliziba masikio. Kijana mmoja aligeuka akapanda mlima mbio, na nyapara mwenyewe alianza kurudi nyuma kidogo kidogo, anajifanya anatazama mawingu.

"Wanasema nini?" akauliza yule msimamizi mnene.

Karani alikuwa analowa jasho, shati la pasi limemganda mgongoni. "Wanakaribisha wageni, bwana."

Bwana Vigingi alipotafsiriwa alisimama, akavua kofia yake, akawainamia wanawake kwa heshima kushukuru. Wanawake wakamwimbia na yeye, ubeti wa pekee, na Bibi yangu ndiye aliyeuanzisha. Leo naweza kucheka. Siku ile sikucheka.

Lakini yule mzee hakuwa mjinga. Alizitazama nyuso za vibarua, akayatazama majembe chini, akautazama unga uliomwagika chini ya mkuyu. Akamnyamazisha msimamizi kwa mkono, akamwambia karani kitu. Karani akageuka kwa mama. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya ofisini.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kinyamwezi, "Mzungu anauliza kama hapa pana kaburi. Ukisema ndiyo, wanahama, ameapa. Neno moja tu, mayu. Mimi siwezi kukusemea, unajua."

Nyimbo zilikoma. Wanawake walitazama chini. Mama alikuwa anahema, unga umechanganyika na jasho usoni, na alikuwa anakitazama kile kigingi. Niliona midomo yake inaanza kufunguka. Sijui kama nilisogea au tete lilivunjika. Akanyanyua macho, akaniona.

Tulitazamana. Katika maisha yangu nimetazamwa na watu walionipenda na walionichukia, lakini sijatazamwa tena namna ile. Alinipima kuanzia utosini hadi kwenye miguu yangu iliyozama kwenye tope, polepole, kisha akamgeukia karani.

"Hapana," mama akasema. "Hapa hakuna kaburi."

Karani alifumba macho. Akasubiri, labda akidhani atabadili neno. Hakubadili. Akatafsiri.

Msimamizi aliwaamuru vibarua warudi kazini, na hakuna aliyesogea. Aliwatukana, wakabaki pale pale. Basi yule bingwa, nadhani kwa nia njema kabisa, akitaka kuwaonyesha vijana kwamba hakuna la kuogopa kwa kuwa mwenye mahali mwenyewe amekana, aliokota jembe, akakunja mikono ya shati, akapiga pale kwenye kigingi. Alipiga kwa nguvu za mzee, udongo ulikuwa laini. Akapiga tena. Kisha tukasikia jembe limegusa kitu kisicho jiwe.

Alilitupa jembe. Alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe, akafukua kwa mikono kama mtu anayechimba viazi. Akatoa chungu, kimefunikwa kigae mdomoni na kuzungushiwa kamba iliyooza.

Kilikuwa kidogo. Hicho ndicho kilichonipiga, na ndicho kilichonikalisha juzi pale gereji. Kilikuwa chungu cha kuchemshia mboga ya mtu mmoja. Nilikuwa nimekuja kumpokea mtu wa kimo changu, mwenye pengo la jino, ambaye angeniuliza gauni lake liko wapi, na nilipokiona kile chungu na kuuona uso wa mama, yote yaliniingia kwa mkupuo mmoja. Karanga, magauni, watu wazima walioinamisha macho. Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtafuta.

Mzungu naye alikuwa ameelewa. Rangi ilimtoka hata masikioni. Alibaki pale chini na chungu mikononi, akasema jambo kwa lugha yao, taratibu, na karani hakulitafsiri. Hakuna aliyejua la kufanya. Kama mwanamke mmoja angelia, lile neno lingekuwa limeshasemwa.

Mama akasogea. Aliivua mizabibu shingoni, akaizungusha, akaifanya ngata, akaiweka kichwani. Akanyoosha mikono.

"Ni chungu changu cha maji," akamwambia Mzungu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila siku. "Nilikisahau kisimani."

Akakipokea kwa mikono miwili, akajitwika, akageuka na kuanza kupanda. Hakufuata njia ya upenyo wa mkonge. Alikata katikati ya uwanja, juu ya majani ya Wazungu, akapita juu ya duara la mchanga lililofagiwa asubuhi, nyayo zake zikabaki pale nyeusi, na hakuna mtu aliyemzuia. Vibarua walimpisha. Wanawake hawakumfuata, Bibi aliwazuia kwa mkono.

Ziwa lao walilichimba. Walileta wafungwa, wafungwa hawana pa kukimbilia, na lipo hadi leo, picha zake zinapigwa. Chungu mama alikizika tena mahali pengine yeye na Bibi. Wapi, sikuambiwa, na wote wawili wameondoka na siri hiyo. Nami nimeishi, nimezaa, nimezeeka. Nimelipiwa.

Siku ile nilitoka kwenye matete nikamkimbilia. Nilimfikia karibu na geti kubwa, lile ambalo sisi hatukuruhusiwa kulipita. Alikuwa anatembea wima, mkono mmoja umekishika chungu, na mimi nikasema lile ambalo kila mtoto wa kike humwambia mama yake aliyejitwika.

"Mama, nikupokee?"

"Hapana," akasema. "Wewe pita mbele, nikuone."

Nikapita mbele. Nilisikia nyayo zake nyuma yangu, na pumzi yake, na kila nilipotaka kugeuka aliniambia, "Tazama mbele, Doto." Kutoka pale getini hadi kwetu ni mwendo, na njiani watu walituamkia, naye aliwaitikia wote. Sikugeuka hata mara moja. Kwa hiyo mpaka leo sijui kama alilia.